Matumaini Yasiyosubiri Tarehe

Karibu kila mazungumzo jijini Dar es Salaam siku hizi, iwe ndani ya daladala ya Mbagala au barazani baada ya swala ya Ijumaa, huishia kwenye maneno yale yale: hali ni ngumu. Sina sababu ya kuyapinga, kwa kuwa anayeyasema anajua alichoacha nyumbani na anachotarajia kurudi nacho jioni. Kinachonisumbua ni faraja tunayopeana baada ya hapo. Tunaambiana kwamba mambo yatatengemaa mwakani, au mvua zikiisha, au mtoto akimaliza chuo. Na tarehe hiyo ikifika mikono mitupu, mtu anavunjika moyo kuliko alivyokuwa kabla hajafarijiwa.

Nchi yetu imewahi kupita katika jaribu la namna hiyo. Kampala ilipoanguka mwezi Aprili 1979 na vita dhidi ya Idi Amin ikaelekea ukingoni, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18 ili taifa lipumue kutokana na gharama za vita. Miezi 18 ilipita, lakini mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, fedha za kigeni zilikuwa haba, na foleni za sukari, sabuni na unga ziliendelea hadi katikati ya miaka ya 1980. Simlaumu Mwalimu kwa kuomba, maana hali ilihitaji kiongozi wa kuomba. Najiuliza tu jinsi watu wa Dar es Salaam walivyoishi baada ya ile tarehe kupita bila nafuu, na jibu linapatikana kwa wazee wetu wenyewe. Watumishi wa serikali ambao mshahara haukufika hata katikati ya mwezi walifuga kuku uani, wake zao walikaanga maandazi na vitumbua vya kuuza, na wengine walilima mchicha katika bonde la Msimbazi. Mabasi ya shirika la umma la usafiri yalipokosa vipuri na abiria wakabaki vituoni, watu walianza kusafirishana kwa magari binafsi kinyume cha sheria, mpaka mwaka 1983 serikali ikakubali kuwapa leseni. Daladala tunazozilalamikia leo ni matunda ya dhiki ile.

Nasema hivi kwa sababu naamini matumaini yanayodumu hayakai katika moyo wa mtu mmoja anayejikaza. Hukaa katika utaratibu wa watu wanaotegemeana, ambao huendelea hata siku ambayo hakuna mwenye moyo wa kuendelea. Atakayetaka kuuona utaratibu huo kwa macho aombe kuhudhuria mkutano wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Nilihudhuria mmoja huko Magomeni, chini ya mwarobaini, na kilichonivutia zaidi kilikuwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Wanawake wale walinunua hisa, wakarejesha mikopo, kisha kila mmoja akatoa mchango wa mfuko wa jamii, fedha ambayo haikopeshwi kwa faida bali husubiri ugonjwa na msiba. Mama mmoja anayeuza chapati, ambaye mumewe alikuwa amelazwa, alipewa sehemu ya fedha hiyo palepale. Hakuna aliyemhutubia kuhusu subira. Katibu aliandika jina lake daftarini, mwenzake akamuuliza nani atakayemshikia meza yake asubuhi, na wawili wakajitolea.

Moyo huohuo ulionekana Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wa kwanza kufukua kifusi walikuwa wafanyabiashara na wapita njia, kwa mikono yao, huku waliokwama chini wakiwasiliana kwa simu na walioko juu. Ningependa tuukumbuke ukweli huo kila tunapoambiwa kwamba watu wa mjini hawajuani.

Hata hivyo, sifa ya uvumilivu inaweza kugeuzwa kuwa mzigo kwa anayesifiwa, na hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, na baadhi zilirudi bondeni Jangwani kwa sababu Mabwepande kulikuwa mbali na vibarua na biashara walizozitegemea kila siku. Wapo waliowaita wakaidi. Mimi naona mtu aliyepewa mahali pa kulala bila njia ya kupata mlo hakupewa matumaini kamili, na wenye dhamana ya kupanga jiji hawapaswi kujificha nyuma ya ustahimilivu wa maskini. Wananchi wakishafanya sehemu yao, wana haki ya kudai mtaro uzibuliwe na jengo likaguliwe kabla halijaua.

Wapo pia wanaokosa kikoba, jumuiya ya kanisa au majirani wa kuwauliza hali, hasa vijana wa kiume waliopanga chumba kimoja pembezoni mwa jiji, ambao wakikosa kazi huzima simu kwa aibu. Kumwambia kijana huyo avumilie ni kumwacha peke yake kwa maneno ya heshima. Anahitaji mtu wa kumgongea mlango na kumwita kwenye shughuli yenye saa na mahali, hata kama ni kubeba viti vya msibani.

Mvua za masika huanza mwezi Machi. Kabla hazijafika, kila mtaa ulio karibu na mto unaweza kukaa na mjumbe wake na kukubaliana nani atakayembeba mzee asiyeweza kutembea, nyaraka na vyeti vitahifadhiwa nyumba ipi iliyoko juu, na ni simu ya nani itakayopigwa kwanza usiku maji yakianza kupanda. Kikao hicho hakihitaji bajeti wala mgeni rasmi, na kinaweza kufanyika Jumapili hii.