Tunamwezesha mwanamke, ila mweusi akae nyuma

Jamani hili jambo ninalo rohoni tangu Machi 8, Siku ya Wanawake, naona bora niliseme. Kikundi kimoja cha akina mama huku kwetu, sikitaji, wenyewe watajijua, kilikuwa na sherehe. Sare za kitenge, keki, turubai, MC anapiga kelele mpaka spika inakoroma. Ikafika zamu ya picha na mgeni rasmi, dada wa kamera akaanza kupanga watu, wewe mweupe njoo mbele, nyie wawili rudini nyuma mtatufanyia picha giza. Mmoja wa hao wawili ndo mhazini wao, mama lishe, anayeshika daftari na hela za watu wote. Watu wakacheka. Na yeye akacheka, angefanyaje.

Na bango limeandikwa haki na usawa kwa wote. Hongereni sana.

Ukigusa ubaguzi wa rangi hapa Dar unaambiwa hayo ya Marekani. Ya Marekani wapi! Mji huu huu wakoloni waliukata kwa rangi, Oysterbay ya wazungu, Uhindini kule mjini, sisi Kariakoo, Mnazi Mmoja ikaachwa wazi katikati ili tusisogeleane. Wenyewe wakaondoka, sisi tukabaki tunapimana kwa kipimo chao. Mkorogo umepigwa marufuku lakini ukiutaka unaupata, na dada zetu wanajichubua mpaka uso unakuwa wa mtu mwingine na vidole vya mwingine, mnadhani wamerogwa? Wameona nani anaitwa mbele.

Na hao wa Marekani wenyewe, YWCA, chama cha wanawake wa Kikristo, walipitisha mwaka 1946 kuchanganya rangi kwenye chama chao chote, hawakusema basi yameisha, 1970 wakakaa tena wakasema kazi yao kubwa ni kuung'oa ubaguzi wa rangi popote ulipo. Dorothy Height, mwanamke mweusi aliyelisukuma sana hilo, alianza kazi kwao 1937. Toka hapo mpaka 1970 ni miaka 33 ya vikao, sisi tunataka kumaliza kwa keki moja.

Haya, nakubali, kikundi kimesaidia, kuna wamama wamepata ule mkopo wa halmashauri, wa ile asilimia 10 ya mapato yake, kwa sababu yao, makaratasi yale peke yako unazeeka nayo. (Waume waliokuja kula pilau tu nawaweka kiporo.)

Ila kikao mkichelewa mnapigana faini, simu ikilia faini. Basi ongezeni na faini ya kumwita mwenzio mweusi tii, uone mfuko wa jamii utakavyojaa kabla mwezi haujaisha.