"Si Yeye, Ni Pombe": Utetezi Usiotosha

Mlevi anapowatukana majirani au kumpiga mkewe, hakosi mtu wa kumtetea kwa kusema, "Si yeye, ni pombe." Anapomwaga siri au kumwambia rafiki yake maneno makali, watu haohao husema kwamba ulevi umetoa yaliyokuwa moyoni. Kauli hizi mbili zinapingana, na kwa maoni yangu hakuna hata moja inayosimama.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, huzuia glutamati inayoziamsha, na wakati huohuo huchochea dopamini, kemikali inayoleta hisia ya raha, ndiyo maana glasi za mwanzo huleta uchangamfu kabla ya usingizi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya jambo kabla halijatendwa, hulegea mapema, ilhali hasira na tamaa hubaki macho. Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs waliifananisha hali hiyo na kutoona mbali: aliyelewa hulisikia tusi alilotupiwa sasa hivi, lakini urafiki wa miaka mingi na aibu ya kesho, ambavyo vingemnyamazisha, havimfikii tena. Hivyo mtu mmoja, katika usiku mmoja, hulia akitajiwa marehemu, hucheka muziki ukibadilika na hugombana akikanyagwa mguu.

Wanaodai kwamba ulevi humfunua mtu halisi husahau kwamba kujizuia nako ni tabia. Mawazo mabaya humpitia kila mtu, na anayeyapima kisha akayaacha yapite hawi mnafiki kwa kufanya hivyo. Pombe ikimnyima uwezo huo, tunayemwona ni yeye yule akiwa amepungukiwa.

Utetezi wa "si yeye" una udhaifu mkubwa zaidi. Wako walevi wanaowapiga watoto wao nyumbani ilhali dakika chache kabla walimwamkia askari njiani kwa adabu zote, na sijui ni pombe gani hiyo inayojua kuchagua. Watafiti Craig MacAndrew na Robert Edgerton walionyesha mwaka 1969 kwamba mwenendo wa walevi hutofautiana sana baina ya jamii na jamii, kwa kuwa watu hujifunza kutoka kwa wenzao ulevi unaruhusu nini. Mwaka 1975 Alan Lang na wenzake waliona katika jaribio kwamba wanaume walioaminishwa kuwa wamekunywa pombe walikuwa wakali zaidi, hata pale kinywaji chao kilipokuwa hakina pombe. Sisemi kwamba kilevi chenyewe hakiongezi ukali, maana tafiti nyingine zimeonyesha kuwa huongeza. Nasema kwamba kisingizio huandaliwa kabla ya glasi ya kwanza.

Tena mabadiliko yenyewe huenda ni madogo kuliko mnywaji anavyodhani. Katika utafiti uliofanywa Missouri, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017, waliopewa vodka walijiona wamebadilika karibu katika kila upande wa haiba yao, lakini watazamaji waliowachunguza kwa video waliona kwa uhakika badiliko moja tu: walikuwa wachangamfu zaidi mbele za watu.

Ninachokubali ni kwamba ulevi wa miaka mingi ni habari nyingine. Ubongo uliozoea kutulizwa kila siku hujirekebisha kwa kuongeza msisimko, na mtu huyo akiwa hajanywa huwa na wasiwasi, hukosa usingizi na hukasirika kwa jambo dogo, hata familia ikaamini kwamba ndivyo alivyo. Wengine, kwa upungufu wa vitamini B1, hupata ugonjwa ulioelezwa na daktari Mrusi Sergei Korsakoff mwaka 1887, ambao huharibu kumbukumbu kiasi kwamba mgonjwa huziba mapengo kwa habari za kubuni ambazo yeye mwenyewe anaziamini. Hapo kumlaumu kwa kukosa nia hakusaidii kitu, na kumfungia chumbani ili aache kwa siku moja ni hatari, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege na hata kumuua. Apelekwe kwa daktari, apunguziwe akiwa chini ya uangalizi.