Riwaya za mahaba na deni la mwisho mwema

Katika mwaka mzima wa kusoma, riwaya nyingi nilizomaliza hapa Mombasa zilikuwa za Kiingereza, za mahaba ya siku hizi, na karibu zote nilizipata kwa wauza vitabu vya mitumba au kwa kuazimana na wenzangu. Nakala moja ilinifikia ikiwa imevikwa karatasi ya khaki, kama tunavyovika madaftari ya watoto wa shule, ili mwenyewe aweze kuisoma ndani ya feri ya Likoni bila jirani kuiona picha ya jalada. Haya hiyo ni jambo la kuandikiwa peke yake. Ninachotaka kukipima hapa ni shutuma niliyoisikia kwa watu ninaowaheshimu, wakiwemo walimu wa fasihi, kwamba riwaya ya mahaba haiwezi kuwa na uzito kwa sababu mwisho wake unajulikana kabla ya ukurasa wa kwanza.

Shutuma hiyo ina msingi. Chama cha waandishi wa mahaba cha Marekani kimeifafanua riwaya ya aina hii kwa masharti mawili: kisa cha mapenzi kiwe ndicho kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha moyo na wenye matumaini. Msichana wa miaka 17 anayesoma vitabu ishirini mfululizo, vyote vikimalizikia pale wapendanao wanapokubaliana, anaweza kuamini kwamba kukubaliana ndiyo safari nzima. Sisi tunajua kwamba harusi ndiyo mwanzo wa hesabu: kodi ya nyumba, maneno ya mawifi, mume aliyekwenda Ghuba kutafuta riziki na kurudi mgeni kwa watoto wake, na kwa wengine, mwishowe, njia ya kwa kadhi.

Riwaya ya Kiswahili mara nyingi huanzia pale hasa ambapo hizi za Kiingereza huishia. Mwaka huu niliirudia *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999, ambamo Yasmini anaozwa akiwa mdogo kwa mume wa rika la baba yake, na ndoa hiyo ndiyo inayomtia matatani badala ya kumtoa. Anaikimbia, anampenda Denge, mpigania uhuru katika Unguja ya wakoloni, na siasa inawatenganisha. Polisi, rangi na dini vinaingia mpaka chumbani mwa wapendanao, na sikukiona kitabu kingine cha mwaka huu kilichothubutu kiasi hicho.

Hata hivyo upande wetu nao una kanuni yake, na ni haki kuitaja. Katika *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na mwisho anajiua. Ni kitabu cha ujasiri, kiliwahi kupigwa marufuku, na hasira ya mwandishi ilielekea kwenye malezi ya ukali, si kwa binti. Lakini ukizisoma riwaya zetu moja baada ya nyingine, utamkuta mwanamke anayependa kwa hiari yake akilipia kwa mimba, kwa kufukuzwa au kwa kifo, mara nyingi mno, hadi malipo hayo nayo yanabashirika kabla ya ukurasa wa kwanza. Ikiwa mwisho unaojulikana ni kasoro, basi huzuni ya lazima ni kasoro ileile.

Emily Henry ameuingiza mjadala huu ndani ya hadithi yenyewe katika *Beach Read* ya 2020. January, mwandishi wa mahaba, ameacha kuyaamini baada ya baba yake kufariki na siri ya mwanamke mwingine kufichuka; jirani yake Augustus huandika riwaya nzito zenye giza; wawili hao wanapatana kila mmoja aandike kitabu cha aina ya mwenzake. Nilikipenda, ingawa naona fundo la baba linafunguliwa kwa wepesi kuliko lilivyofungwa.

Kilichonibadilisha fikra ni *Get a Life, Chloe Brown* ya Talia Hibbert, ya 2019. Chloe, mwanamke mweusi wa Uingereza, anaishi na faibromaljia, maumivu ya mwili mzima yasiyoisha, na baada ya gari kumkosakosa anaandika orodha ya mambo ya kufanya ili aanze kuishi. Siku moja anapanda mti kumwokoa paka. Kupanda anaweza; kushuka ndiko kunakomshinda, kwa sababu mwili umekwisha kuanza kudai, na Red, mtunzaji wa jengo ambaye hawapatani naye, anapanda kumfuata. Tangu hapo mapenzi yao yanapimwa kwa mambo madogo: nani anatambua kwamba mwenzake amechoka kabla hajasema, na nani anapokea msaada bila kujiona mzigo. Najua kwamba watapatana. Nisichokijua ni jinsi mtu aliyezoea kuachwa kwa sababu ya ugonjwa atakavyokubali kukaliwa karibu, na hilo lilinishikilia hadi usiku wa manane. Mwisho mwema hapo umelipiwa kwa kila ukurasa.

*Ayesha at Last* ya Uzma Jalaluddin, iliyotoka 2018, inajibu shutuma nyingine, ile ya maadili, kwamba riwaya za mahaba hutegemea mambo ya chumbani. Ayesha na Khalid ni Waislamu wa Toronto. Yeye mwalimu mwenye mashairi, mwenzake kijana wa kanzu na ndevu ambaye mama yake anamtafutia mchumba. Hisia zinajaa bila chumba kufunguliwa, na msomaji wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa kwa nini mazungumzo ya watu wawili yanaweza kuwa na joto hilo.

Wanaijeria waliona mapema pengo la vitabu vya mahaba vya kwetu Waafrika: kampuni ya uchapishaji ya Ankara Press ilianzishwa 2014 kwa ajili ya mahaba ya Kiafrika, na mwaka uliofuata ikatoa hadithi za Siku ya Wapendanao pamoja na tafsiri za lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Sisi, wenye mashairi ya Muyaka na taarabu, tunayo lugha ya kupendana ya karne nyingi, lakini riwaya ya mtu mzima anayependa na kubaki hai nimeitafuta kwa shida.

Nilimsimulia mama mdogo kisa cha Chloe, akiwa barazani na ungo wa mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wakipata mtoto je? Siku amelala na maumivu, ni nani atakayembeba?" Nikamwambia kitabu hakifiki huko. "Basi hicho ndicho ningetaka kusomewa," akasema, akaendelea kuchagua mchele.