Mwalimu apikwe darasani

Ikifika Novemba, shule binafsi za msingi hapa Tanzania huanza kutafuta walimu wa Januari, na matangazo yake yanafanana: stashahada ya ualimu au zaidi, Kiingereza fasaha, uzoefu wa miaka kadhaa. Shule zinazojinadi kuwa zinamfuata mtoto huongeza sharti jingine, kwamba mwombaji awe mahiri katika mbinu shirikishi. Kisha wakuu wa shule hulalamika kuwa wanaofika kwenye usaili wana vyeti vyote, lakini ukiwapa darasa wanageukia ubaoni na kuanza kuandika.

Mimi ninafundisha katika shule ya namna hiyo, na kati ya wenzangu ninaowaheshimu simjui hata mmoja aliyeingia akiwa ameshaiva. Wote waliivia humo humo, kando ya mwalimu mwingine. Ndiyo maana naona tunamtafuta mwalimu huyu mahali ambapo hayupo, na wanaoumia ni watoto.

Ninaposema shule ya namna hiyo, sisemi jina la kigeni lililoandikwa getini. Nasema shule ambako mtoto wa darasa la tatu anaweza kutumia wiki nzima kutafuta kwa nini mfereji wa nyuma ya shule hukauka mchana: anapima, anachora, anaandika, kisha anasimama mbele ya wenzake wambane kwa maswali. Hakuna fimbo. Hakuna karatasi ukutani inayopanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Watu hudhani kazi ya mwalimu hapo ni nyepesi, kukaa tu na kutazama. Ni nzito zaidi. Swali la mtoto halifuati mpangilio wa kitabu, kwa hiyo mwalimu asiyeijua hesabu kwa undani anaumbuka kabla ya saa nne asubuhi.

Wanafikaje huko? Wengi ni vijana waliomaliza vyuo na wanasubiri ajira ya serikali. Kila nafasi zinapotangazwa wanaomba, wanakosa, wanajitolea mahali kwa posho ya nauli, na shule binafsi inakuwa bandari ya kungojea. Wengine walianza na madarasa ya awali, wamepitia vyuo vinavyoendeshwa na masista vya Montessori, mbinu ya kumwacha mtoto ajifunze mwenyewe kwa vifaa, wakapanda na watoto wao hadi darasa la kwanza na la pili. Wapo waliotoka fani nyingine kabisa, mtu wa kilimo au wa sanaa, ambaye hana cheti cha ualimu ila ana mikono inayojua kufanya kitu.

Halafu wapo waliotoka shule za serikali, na hao kwangu ni hazina. Mtu aliyewahi kuwashika watoto sabini katika chumba kimoja, peke yake, vitabu vichache, anajua mambo mengi ambayo sisi wa madarasa ya watoto ishirini hatujalazimika kuyajua. Anamsoma mtoto mwenye njaa kwa kumtazama mara moja. Kuacha ajira ya kudumu na pensheni ili aje kwenye shule ambayo mkataba wake ni wa mwaka mmoja ni uamuzi mkubwa kwa mtu mwenye familia, na mara nyingi anaupitisha kwa sababu moyo wake umechoka kufundisha kwa namna asiyoiamini. Inaniuma kuona mtu kama huyo anarudishwa nyumbani kwenye usaili kwa sababu Kiingereza chake si cha kutamba.

Hawa wote, wa kila njia, wana jambo moja linalowaunganisha: walisoma kwa kukariri. Na chuoni hawakufundishwa tofauti. Mitaala yetu imezungumzia umahiri tangu katikati ya miaka ya 2000, lakini mbinu shirikishi yenyewe hufundishwa kwa mkufunzi kusoma nukuu na wanachuo kuandika. Ukienda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, unapewa wiki chache, msimamizi anakuja na fomu, anakagua andalio la somo kama lina vipengele vyote, anasaini, anaondoka. Mtu aliyelelewa hivyo miaka yake yote ya shule hawezi kubadilishwa na semina ya siku tatu, hata iwe na chai nzuri kiasi gani. Siku darasa likimzidi nguvu atarudi kwa alichokiona utotoni, kwa sababu hicho ndicho kimejaa kichwani.

Waliowahi kulitatua jambo hili walianza na mwalimu mwenyewe. Célestin Freinet alikuwa mwalimu wa kijijini kusini mwa Ufaransa. Vita Kuu ya Kwanza ilimwachia jeraha la mapafu, na alipopewa darasa Bar-sur-Loup mwaka 1920 hakuwa na pumzi ya kuhutubia watoto kutwa nzima. Akaanza kuwatoa nje, wakitembea na kutazama, wakirudi wanaandika walichokiona. Baadaye akanunua mashine ndogo ya kuchapia, watoto wakapanga herufi wenyewe na kuchapa habari zao. Maandishi hayo yakawa yanabadilishwa na ya watoto wa mwalimu mwingine, René Daniel, aliyekuwa Trégunc, mbali kule pwani ya Brittany. Ninachokipenda zaidi katika habari hii ni namna walimu wengine walivyoingia. Hawakuanzia chuoni. Walipokea jarida la watoto wa darasa la mwenzao, wakatamani, wakaandika barua kuuliza, wakakutana, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 walikuwa na ushirika wao wa kupeana zana na maarifa. Walimu wa kawaida wa shule za umma, wengi wao vijijini, walifundishana wenyewe kwa wenyewe.

Mfano mwingine ni wa New York. Lucy Sprague Mitchell, mwanaelimu wa Marekani, na wenzake, wakiwa nyumba namba 69 ya Bank Street kuanzia mwaka 1930, walifungua mafunzo ya ualimu ambayo mwanafunzi alishinda sehemu kubwa ya wiki ndani ya shule halisi, akiwa msaidizi wa mwalimu mzoefu, kisha mwisho wa wiki walikusanyika kujadili walichokiona. Na masomo yao hayakuwa ya kukaa tu: walichora, walicheza ngoma, walisafiri. Katikati ya miaka ya 1930 walipelekwa hadi kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya West Virginia, wakaona wachimbaji wanavyoishi na kuuliza kwa nini. Mwalimu alionjeshwa kwanza kile alichotarajiwa kuwapa watoto. Miaka tisini imepita, na bado naona hapo ndipo walipotuacha mbali.

Hapa kwetu hatujakosa historia. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule ya Litowa, kule Ruvuma, ilikuwa tayari inaishi maneno yale: watoto wa vijiji vya chama cha maendeleo cha Ruvuma wakisoma na kulima, walimu wakiwa sehemu ya kijiji. Chama kikapigwa marufuku Septemba 1969 na shule ile haikubaki ilivyokuwa. Kwangu hasara kubwa haikuwa majengo. Hapakuwa na njia ya kuwapitishia walimu wengine kile walichokuwa wamekijua walimu wa Litowa. Miaka michache baadaye, kwa Azimio la Musoma la 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote (UPE), nchi ikahitaji walimu wengi kwa haraka, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa vipindi vya ana kwa ana. Walimu wa UPE wamebezwa sana. Mimi siwabezi. Wazo la kujifunzia kazini lilikuwa sahihi. Kilichopungua ni mwalimu mzoefu wa kukaa kando yao, maana wazoefu wenyewe walikuwa wachache na watoto walikuwa wengi mno.

Sasa serikali ina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Walimu wanaokaa pamoja wakajadili somo lililoharibika wanajifunza kuliko kwenye ukumbi wa hoteli. Lakini jumuiya hiyo haitafika popote ikiwa mwalimu hapati nafasi ya kuingia darasa la mwenzake na kutazama, na hapo panahitaji ratiba na panahitaji watu.

Kwa hiyo shule binafsi zenye ada na nafasi ya kuamua zina wajibu ambao wakuu wake wengi wanaukwepa. Waache kuwinda mwalimu aliyepikwa na mwingine. Wamwajiri kijana mwenye udadisi na upole kwa watoto, wamlipe mshahara kamili, wamweke mwaka mzima kando ya mwalimu mzoefu, bila darasa lake mwenyewe. Kila Ijumaa mchana wakae wote wawili na madaftari ya watoto mezani. Kwenye usaili wampe mtoto mmoja na kikapu cha mawe au vizibo wamwone anavyouliza, kabla ya kufungua bahasha ya vyeti.

Wakuu wa shule huniambia hoja ileile: tukimfundisha, ajira za serikali zikitoka ataondoka. Ni kweli, baadhi wataondoka. Lakini ataenda wapi? Ataenda Nzega au Newala, kwenye darasa la watoto sabini ambao wazazi wao hawawezi kulipa ada yetu hata ya wiki moja, akiwa amebeba mwaka mzima wa kutazama watoto wakifikiri. Atawagawa makundi, atawatoa nje kupima kivuli cha mwembe, atasikiliza. Mzazi wa shule yetu akiuliza kwa nini ada yake inamsomesha mwalimu wa watoto wa wengine, mkuu wa shule amjibu waziwazi kuwa ndivyo tulivyoamua, na amwonyeshe fungu hilo kwenye bajeti.