Ulimi Unapoziba Pumzi: Bamba la Tübingen au Skrubu za Taya?

Kichanga akikoroma, watu nyumbani hucheka: huyu kamrithi babu yake. Lakini mwenye kidevu kilichorudi ndani, ambaye mbavu zinabonyea kila avutapo pumzi, haleti mzaha. Taya lake la chini ni fupi, ulimi umekosa nafasi, na akilazwa chali unaangukia nyuma na kuziba koo. Mara nyingi kaakaa nalo limepasuka. Hali hii inaitwa kwa jina la Pierre Robin, Mfaransa aliyeieleza mwaka 1923, na hadi leo madaktari wanavutana juu ya tiba yake.

Hatua ya kwanza haina ubishi mkubwa: mlaze kifudifudi, ulimi uje mbele kwa uzito wake wenyewe. Tatizo ni kwamba wazazi wanafundishwa kumlaza mtoto chali kuepuka vifo vya ghafla usingizini, kwa hiyo kifudifudi hiki kinahitaji kipimo cha oksijeni na jicho la muuguzi. Isipotosha, mpira laini hupitishwa puani hadi nyuma ya ulimi.

Baada ya hapo njia zinaachana. Marekani, hospitali nyingi hurefusha taya: mfupa hukatwa pande zote mbili, chuma kikafungwa, kisha skrubu huzungushwa milimita moja au mbili kwa siku huku mfupa mpya ukijaza pengo. Ni mbinu ya Ilizarov, daktari wa mifupa aliyerefusha miguu ya watu huko Siberia. Kwa taya la binadamu ilichapishwa mwaka 1992. Inagusa kiini cha tatizo, na watoto wengi wameepuka kutobolewa koo ili wapumue. Gharama yake ni makovu, mbegu za meno zinazoweza kuharibika, neva zinazoweza kuguswa, na upasuaji wa pili wa kutoa chuma.

Tübingen, Ujerumani, hawakati; wanasubiri taya likue lenyewe. Wanatengeneza bamba la kaakaa kwa kalibu ya kinywa cha mtoto mwenyewe, lenye mkia unaoshuka nyuma na kusukuma shina la ulimi mbele. Mkia mfupi hausaidii, mrefu unamtapisha, kwa hiyo hukaguliwa kwa kamera ya kooni na kipimo cha usingizi. Zinahitajika wiki kadhaa wodini, na fundi anayejua kazi.

Mimi naegemea upande wa bamba, kwa sababu watetezi wa skrubu hupenda kujilinganisha na kutoboa koo, ushindani ambao karibu kila mtu angeshinda. Ila hoja ya Wajerumani nayo ina mwisho: mtoto mwenye Treacher Collins, hali ya kuzaliwa nayo inayodumaza mifupa ya uso, hawezi kuambiwa asubiri taya likue, maana mara nyingi halikui vya kutosha. Na kizuizi kikiwa chini zaidi, kwenye zoloto lililolegea, hata skrubu zitasogeza taya bure.

Kwetu, ambako bamba hilo ni nadra, mpira wa puani unastahili heshima kuliko unayopewa. Hukatwa kutoka mpira wa kupumulia uliopo tayari chumba cha upasuaji, na mama anaweza kufundishwa kuufyonza makamasi. Hatari yake ni kuturidhisha mno. Mtoto wa aina hii huchoma maziwa yake kwa kupigania pumzi, hivyo mizani inasema zaidi ya oksijeni iliyopimwa akiwa macho. Uzito ukisimama wiki ya pili, rufaa iandikwe siku hiyo.