SHA: kukatwa kwa haki ni kitu kimoja, kutibiwa ni kingine

Enzi za NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali ya Kenya, mwenye mshahara wa elfu ishirini alikua anakatwa 750, mwenye laki mbili anakatwa 1,700 tu. Tangu SHA iliyochukua nafasi yake ianze Oktoba 2024 kila aliyeajiriwa anatoa asilimia 2.75 ya mshahara, haina kikomo cha juu, kwa hivyo wa elfu ishirini siku hizi ni 550 na wa laki mbili ni 5,500. Wa laki mbili amenuna, na sio bure, makato yamepanda zaidi ya mara tatu na pengine ana bima ya kazini, hiyo ya SHA haigusi. Mimi hapo sina huruma sana, mwenye nacho akimbeba asiye nacho ndio maana ya bima.

Shida naiona kwa mama mboga. Yeye hana mwajiri wa kumkata, anabonyeza *147# anaulizwa paa ni la nini, choo ni cha aina gani, anapikia nini, afu mashine inakisia kipato chake. Mtu ameezeka mabati kwa pesa ya chama cha akiba, sasa hayo mabati yanajua nini kuhusu wiki hii sokoni? Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, hata ile 500 ya NHIF ilikua juu, lakini unatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo, 3,600, na ukikisiwa 800 hiyo ni 9,600, na pesa yote aliyonayo imefungwa kwa leso ni ya kununua sukuma kesho alfajiri.

Lakini tuseme ukweli, serikali haikukurupuka kudai ya mwaka mzima. Kwa NHIF watu walikua wanaamka kulipa wakiona mimba au operesheni inakaribia, wakitoka salama kadi inalala, na bima haisimami hivo.

Watakuambia dispensari ni bure ukijisajili tu. Sawa, ila Uganda walifuta ada 2001, maskini wakajaa vituoni kweli kweli, afu dawa zikawa zinaisha wanatumwa kununua famasi. Na apendiksi haitibiwi dispensari. Hapo ndio yule wa 550 analazwa bila maswali, na mama mboga, ambaye pengine kipato chake ni kidogo kumliko, anaambiwa amalizie kwanza ya mwaka.