Msiinyooshe Tuni ya Narmour

Wiki ya tatu hii nashinda na sekunde arobaini za santuri moja. Ni "Carroll County Blues", iliyorekodiwa na kampuni ya Okeh mwaka 1929: William Narmour kwenye fidla, Shell Smith kwenye gitaa, wakulima wawili wa jimbo la Mississippi. Naiandika nota kwa nota. Na karibu kila karatasi ya tuni hii niliyowahi kuazimwa na wapigaji wenzangu ina dosari ileile inayoniuma: imenyooshwa, mapigo yake yamelazimishwa yawe sawa.

Tuni nyingi za dansi za Kusini mwa Marekani zina sehemu mbili, kila sehemu mapigo kumi na sita, inarudiwa, kisha mnaanza mzunguko mpya. Narmour hafungwi na hesabu hiyo. Nota aliyoipenda huishikilia, pigo huongezeka, na ukijaribu kumfuata kwa mguu unajikuta umekanyaga pasipo pigo. Wapigaji wa muziki huu huziita tuni za namna hiyo zilizopinda. Sasa msikilize Smith hapo nyuma. Habahatishi hata kidogo. Pale fidla inapopinda, gitaa nalo limeshapinda. Mtu akikosea, mwenzake hujikwaa. Hawa wawili wanapinda pamoja, mzunguko baada ya mzunguko, kwa hiyo hawajakosea. Anayelifuta lile pigo la ziada ili karatasi yake ipendeze, anamfuta Narmour mwenyewe.

Sisemi kazi hii ni nyepesi. Santuri zile tunaziita za 78, maana zinatakiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika, ila mashine za kurekodia hazikuwa zote na mwendo mmoja. Santuri ukiizungusha kwa kasi inayozidi ile iliyorekodiwa kwa mizunguko kama minne na nusu tu kwa dakika, muziki mzima unapanda karibu nusu toni. Basi unakaa na fidla yako mkononi, sauti iliyo kwenye santuri haimo katika G wala katika A-flati iliyo nusu toni juu yake, na lazima uamue kabla hujaandika hata nota moja. Mimi husikiliza nyuzi zilizo wazi. Uzi ambao haukubanwa kidole una mvumo wake, haufi haraka upinde ukishaondoka. Nikijua nyuzi zipi ziko wazi, nimejua fidla ilityuniwa vipi, na hapo naweza kuirekebisha kasi ya santuri.

Na kutyuni ndiko kunakowapoteza wengi. Si kila fidla ya kule ilityuniwa G, D, A, E kama tulivyofundishwa. Kwa tuni za A, wengi waliupandisha uzi wa chini hadi A na wa pili hadi E, ukapata A, E, A, E, fidla nzima ikawa inaitikia kila nota. Mwandishi asipoligundua hilo, anaandika mambo ambayo vidole vya binadamu haviwezi kuyafanya, halafu mwanafunzi anajilaumu bure.

Siku hizi programu ya kompyuta inapunguza mwendo bila kushusha sauti. Zamani ukipunguza mwendo kwa nusu, sauti nayo ilishuka oktava nzima, fidla ikanguruma kama selo, ile ndugu yake kubwa ya sauti nzito. Natumia programu hizo kila siku na nashukuru zipo. Lakini ukipunguza sana, vidole unavisikia vizuri na upinde unakupotea. Ile bembea ya mkono wa kulia, inayowainua watu vitini, haipo tena. Kila mstari ninaoumaliza naurudia kwa mwendo wake kamili, mara ishirini ikibidi.

Fidla nilijifunzia kwenye taarab, Unguja, ambako robo toni si kosa la mpigaji, ni sehemu ya makamu, yaani ngazi za nota za muziki wa Kiarabu. Labda ndiyo maana ile nota ya tatu ya skeli ya Narmour, isiyo ya juu wala ya chini, haikunishangaza. Nimewaona waandishi wakiisukuma upande mmoja ili ikae sawa kwenye mistari mitano. Mimi huichorea mshale mdogo. Bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, zilikuwa jirani zake kabisa: Narmour huyuhuyu ndiye aliyewaambia watu wa Okeh habari za John Hurt, mpiga gitaa mweusi wa palepale Carroll County, ambaye mara nyingine alishika gitaa mahali pa Smith. Mwaka 1927 Andrew Baxter, mpiga fidla mweusi wa Georgia, alirekodi "G Rag" pamoja na bendi ya Georgia Yellow Hammers, ambao walikuwa wazungu. Kampuni zikiuza, ziliwatenga weusi na wazungu katika orodha mbili. Tukiinyoosha nota ya tatu ya Narmour, tunazikubali zile orodha mbili.

Lipo na suala la mzunguko upi uandikwe. Eck Robertson, mpiga fidla wa Texas, alipoipiga "Sallie Gooden" peke yake mbele ya mashine ya kampuni ya Victor, New York, tarehe 1 Julai 1922, aliigeuza tena na tena, kila mzunguko na mapambo yake. Wapo wanaochota kidogo hapa na kidogo pale na kuandika tuni moja ya wastani, tuni ambayo Robertson hakuipiga hata mara moja. Naomba tuache. Chagua mzunguko mmoja, uandike wote, na juu ya karatasi useme ni wa ngapi.

Kwenye karatasi yangu ya Narmour, mzunguko wa pili, mkwaruzo wa santuri umefunika nota mbili, labda tatu. Rafiki yangu ananishauri nijaze tu, maana mzunguko wa kwanza unaonyesha zingekuwa zipi. Nimeacha nafasi tupu, nimeandika juu yake kwa penseli: mkwaruzo.